Laravel, Django au Next.js: ulinganisho kwa anayejenga mfumo wa kazi nchini Uganda

Mtu anayetaka kujengewa mfumo wa mtandaoni nchini Uganda, awe mwenyekiti wa SACCO huko Mbale, mwalimu mkuu wa shule ya bweni Masaka au mfanyabiashara wa jumla pale Kikuubo, hatachukua muda kabla ya kusikia majina matatu: Laravel, Django na Next.js. Kila mwanaprogramu atakayemwendea atalisifu jina moja na kuyaponda mengine mawili, na mara nyingi sifa hizo hutokana na kile alichojifunza kwanza kuliko kazi iliyo mbele yake. Mimi naona swali la kutangulizwa ni moja: kazi ya kuandaa ukurasa ifanyike wapi, kwenye seva inayolipiwa na mwenye mfumo, au kwenye simu ya anayeutumia? Panapofanyika kazi ndipo panapotozwa gharama, na katika nchi ambayo mteja wa kawaida hununua data ya siku moja au ya wiki, gharama hiyo haifai kuhamishiwa kwake bila yeye kujua.

Majina hayo matatu ni ya viunzi, yaani misimbo iliyokwisha kuandikwa ambayo mwanaprogramu huitumia kama msingi badala ya kuandika kila kitu upya. Laravel ilitolewa na Taylor Otwell mwaka 2011, nayo hutumia PHP, lugha ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa hadharani mwaka 1995. Django ilizaliwa katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence, jimbo la Kansas nchini Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005, na hutumia lugha ya Python. Next.js ni ya mwaka 2016, imejengwa juu ya React, maktaba (mkusanyo wa misimbo iliyo tayari) ya JavaScript, lugha ya kivinjari, iliyotolewa na Facebook mwaka 2013. Asili hizi zinaeleza tabia zake vizuri kuliko matangazo yake. Waandishi wa habari walihitaji kuingiza taarifa na kuzihariri leo hii, si mwezi ujao, ndiyo sababu Django inakuja na ofisi nzima ya uendeshaji ndani yake, yaani kurasa za kuingiza na kurekebisha taarifa. Facebook ilikuwa na kurasa ambazo kila kipande chake hubadilika bila kusubiri kingine, ndiyo sababu React hufikiri kwa vipande vya skrini.

Simu ya mteja

Laravel na Django, zikitumiwa kwa njia yake ya kawaida, huandaa HTML, yaani maandishi ya ukurasa ambayo kivinjari huyasoma, kwenye seva na kuituma ikiwa tayari kusomwa. React ikitumiwa peke yake hufanya kinyume: hutuma ukurasa mtupu, kisha programu ya JavaScript, na programu hiyo ikishapakuliwa na kuanza kazi ndipo inaporudi kwenye seva kuomba taarifa zenyewe. Ni kama kumwagiza muuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), naye akakuletea unga, mayai, mafuta na sigiri ujipikie mwenyewe. Mtu mwenye jikoni kubwa hataona tabu, na ndiyo maana mwanaprogramu anayeujaribu mfumo wake kwenye kompyuta mpya yenye intaneti ya ofisini huapa kwamba hakuna tatizo.

Tatizo huonekana njiani. Uganda haina bahari, hivyo mawasiliano yetu ya nje husafiri kwa nyaya za nchi kavu hadi pwani, kwa sehemu kubwa Mombasa, kabla ya kuingia kwenye nyaya za baharini kama SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009. Ombi moja la kwenda seva ya Ulaya na kurudi huchukua zaidi ya milisekunde 100 hata siku ambayo mtandao ni mzuri. Ukurasa ulioandaliwa na seva unaweza kusomeka baada ya mzunguko mmoja kama huo, pamoja na ile michache ya kufungua muunganisho. Ukurasa wa React peke yake huhitaji mizunguko mitatu inayofuatana, wa HTML, wa JavaScript na wa taarifa, na hakuna namna ya kuupata wa tatu kabla ya wa pili kukamilika. Simu ya bei nafuu nayo huongeza kuchelewa, kwa sababu JavaScript ikishafika lazima kichakataji chake kidogo kiisome na kuitekeleza.

Ni haki kusema kwamba Next.js ilibuniwa ili kutibu kasoro hii. Huandaa HTML kwenye seva kama wenzake, na tangu toleo la 13 la mwaka 2022 kuna vipande vinavyobaki kwenye seva moja kwa moja. Hata hivyo, kivinjari bado hupokea React yenyewe, ambayo pamoja na sehemu yake ya kuchora skrini huzidi kilobaiti 40 ikiwa imebanwa, kabla ya mwanaprogramu kuandika mstari wake wa kwanza. Kilobaiti 40 si nyingi. Zinakuwa nyingi zinapofuatwa na maktaba ya kalenda, ya chati, ya aikoni na ya fomu, kwa kuwa katika ulimwengu wa JavaScript ni rahisi mno kuongeza maktaba na ni vigumu kukumbuka kuiondoa. Tangu Julai 2021, data ya intaneti hapa nchini hutozwa ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyowekwa mwaka 2018 juu ya mitandao ya kijamii. Kila maktaba isiyo ya lazima inaingia katika hesabu hiyo.

Wapo pia watumiaji wa Opera Mini, ambao ofisi nyingi za Kampala husahau kwamba wapo. Kivinjari hicho kikiwa katika hali yake ya kubana zaidi, JavaScript hutekelezwa kwenye seva za Opera na simu hupokea matokeo yaliyobanwa tu, kwa hiyo ukurasa unaotegemea JavaScript kwa kila kitendo hukwama au huharibika. Fomu ya kawaida ya HTML hufanya kazi humo bila shida.

Anayetaka ukurasa wa seva usiojipakia upya kila mtu anapobofya ana njia ya katikati, nayo ni htmx. Ni faili moja ya takriban kilobaiti 16 ikibanwa, inayoruhusu sehemu ya ukurasa ibadilishwe kwa HTML inayotoka kwenye seva. Inakaa vizuri na Laravel na Django vilevile, na kwa mifumo mingi ya ofisi ninayoijua, inatosha.

Pesa za simu

Hapa ndipo ulinganisho huu unapopata uzito wake, kwa sababu mfumo wowote wa Uganda unaopokea malipo utapitia MTN Mobile Money, iliyoanza mwaka 2009, au Airtel Money. Ombi la malipo linalotumwa kwenye API ya MTN, yaani mlango ambao mifumo mingine huzungumza nayo, halijibiwi kwamba fedha zimelipwa. Linajibiwa kwa namba 202, maana yake ombi limepokelewa, kisha mteja hupata ujumbe kwenye simu wa kuingiza namba ya siri, na malipo hubaki yakisubiri mpaka akubali, akatae au muda wake uishe. Mteja anaweza kuwa ndani ya taksi inayopita mahali pasipo na mtandao. Anaweza kuweka namba ya siri akiwa ameshafunga ukurasa. Mfumo mzuri ni ule unaotengeneza namba yake ya kumbukumbu na kuihifadhi kabla ya kutuma ombi, unaorudi baadaye kuuliza hali ya malipo hata kama hakuna aliyebaki kwenye skrini, na unaokataa kuandika malipo yale yale mara mbili.

Kazi hiyo inahitaji foleni, yaani mahali pa kuweka shughuli zitakazofanywa nyuma ya pazia wakati mtumiaji ameshaendelea na mambo yake. Laravel inayo foleni ndani yake, na inaweza kuiweka katika jedwali la hifadhidata ile ile inayotumiwa na mfumo, bila kufunga programu nyingine yoyote. Django kwa miaka mingi imetegemea Celery, programu ya foleni ya nje ambayo ni imara lakini kwa kawaida hutaka Redis au RabbitMQ, programu za kuhifadhi foleni, pembeni yake, hivyo mwenye SACCO anajikuta akitunza programu tatu badala ya moja; toleo la 6.0 la Desemba 2025 lilileta utaratibu wa Django yenyewe wa kazi za nyuma, ingawa programu ya kuzitekeleza hizo kazi bado inatafutwa nje. Next.js haina foleni. Ikiwekwa kwenye huduma zisizo na seva ya kudumu, msimbo huamka ombi linapoingia na huzimwa baada ya jibu, hivyo ukaguzi wa malipo dakika tatu baadaye lazima ukodishwe kwa kampuni nyingine au uandikiwe seva ya pembeni. Mtu akishaandika seva hiyo ya pembeni, nafuu aliyoitarajia kwa kuchagua chombo kimoja cha kazi zote inakuwa imekwisha.

Namba zenyewe zina mitego yake. Safu ya aina ya INT (namba nzima) katika hifadhidata za MySQL au PostgreSQL haipiti 2,147,483,647. Kwa dola hiyo ni hazina. Kwa shilingi yetu ni bilioni mbili na ushei. Mpango wa Maendeleo ya Parokia, uliozinduliwa mwaka 2022, hutenga shilingi milioni 100 kwa parokia (eneo la utawala, si la kanisa), hivyo mfumo unaohifadhi jumla ya parokia 22 tu katika safu ya INT umeshavuka mpaka. Dawa ni BIGINT, aina yenye nafasi kubwa zaidi, tangu siku ya kwanza, na hapo tofauti ya lugha inajitokeza. Python haina kikomo cha namba nzima, na PHP kwenye seva za leo hubeba namba za biti 64, kwa hiyo zote mbili hupokea BIGINT bila kelele. JavaScript, kwa upande wake, huhifadhi namba zake za kawaida kwa desimali za biti 64 na ni salama hadi 9,007,199,254,740,991, kiasi ambacho hakuna SACCO itakayokifikia. Lakini programu ya kawaida ya kuiunganisha Node (JavaScript ya upande wa seva) na PostgreSQL, kwa tahadhari, huirudisha BIGINT kama maandishi. Mwanaprogramu asiyejua hilo akijumlisha akiba ya 500000 na 20000 hapati 520000, anapata 50000020000, kwa sababu maandishi mawili yameunganishwa. TypeScript, yaani JavaScript inayotaja aina ya kila taarifa, husaidia kulinasa kosa hili iwapo aina zimetajwa kwa ukweli, na ni sababu mojawapo ya kutokuanza mradi wa JavaScript bila hiyo.

Lawama ya mitaani kwamba JavaScript haifai hesabu za fedha kwa kuwa 0.1 na 0.2 hazileti 0.3 kamili, kwa maoni yangu, haina nguvu hapa. Python na PHP hufanya vivyo hivyo na desimali, na shilingi ya Uganda haina senti zinazotumika.

Pa kuuweka mfumo

Kwa upangaji, yaani kukodi nafasi kwenye seva, PHP bado haina mpinzani kwa urahisi. Karibu kila muuzaji wa nafasi ya seva ya pamoja, wa hapa Kampala au wa nje, anaiunga mkono tangu kifurushi cha chini kabisa, na wa hapa hupokea shilingi kwa simu. Kuna masharti mawili. La kwanza, folda ya public pekee ndiyo inayopaswa kuonekana mtandaoni. Anayemwaga mradi wote wa Laravel ndani ya public_html, folda ambayo seva huionyesha kwa umma, anaweza kuliacha wazi faili la .env lenye nywila za hifadhidata na funguo za malipo, na wapo watu wanaozunguka mtandao mchana kutwa wakitafuta mafaili ya namna hiyo. La pili, seva ya pamoja kwa kawaida hairuhusu programu ya foleni kukesha, hivyo mwenye mfumo huiamsha kwa cron, kipanga ratiba cha seva, kila dakika, ikamaliza kilichopo na kuzima, jambo ambalo kwa malipo mia chache kwa siku halimkeri mtu.

Django hustawi zaidi kwenye seva ya mtu mwenyewe, ile ya mtandaoni inayokodiwa kwa mwezi, na hapo lazima awepo anayejua Linux: kufunga Nginx (programu inayopokea maombi ya kurasa), kuweka cheti cha usalama, kuchukua nakala za hifadhidata, kusasisha mfumo. Next.js hupandishwa kwa dakika chache kwenye Vercel, kampuni inayoiendeleza, na sijaona njia laini kuliko hiyo ya kuonyesha kazi kwa mteja. Bili hata hivyo huja kwa dola kwenye kadi, na siku kadi inapokataliwa huku mwenyekiti yuko kwenye mkutano mkuu wa wanachama, ulaini wote husahaulika. Inaweza pia kuendeshwa kwenye seva yako mwenyewe. Ukifanya hivyo, kazi yako ya uangalizi inalingana na ya Django.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 haikatazi taarifa za watu kuhifadhiwa nje ya Uganda, lakini inamtaka mhifadhi ahakikishe nchi hiyo ina ulinzi wa kutosha au awe na ridhaa ya mhusika. Anayejenga mfumo wa kliniki au wa SACCO ajue kabla ya kuanza seva yake iko nchi gani. Kuna na jambo la Januari 2021, ambapo intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi mkuu. Mfumo wa shule unaoendeshwa na kompyuta iliyo palepale ofisini, kwa Django na SQLite au kwa Laravel na MySQL, unaendelea kufanya kazi siku kama zile kwenye mtandao wa ndani. Uliofungwa kwenye huduma za mbali unalala.

Atakayeachiwa

Wanaojenga huondoka. Kijana aliyeuandika mfumo hupata kazi nyingine, na mfumo hubaki mikononi mwa mtu ambaye hakuwepo. Kwa mtu huyo Django ndiyo yenye huruma zaidi, kwa sababu inatoa matoleo ya kudumu yanayotunzwa kwa takriban miaka mitatu: 5.2 ya Aprili 2025 itapata marekebisho ya usalama hadi Aprili 2028. Laravel hutoa toleo kubwa kila mwaka na kulilinda kiusalama kwa miaka miwili, mwendo unaovumilika ikiwa kuna bajeti ya mwaka ya matunzo. Upande wa JavaScript historia ni ya misukosuko. Kiunzi cha AngularJS cha Google kiliachwa bila msaada kuanzia mwanzo wa 2022, chombo cha Create React App kilichofundishwa kwenye maelfu ya masomo kilitangazwa kuwa cha kuachwa Februari 2025, na Next.js yenyewe ilibadilisha namna ya kupanga kurasa katika toleo la 13, kiasi kwamba mradi wa kabla yake na wa baada yake husomeka kama wa watu wawili tofauti.

Usalama nao unastahili sentensi chache. Desemba 2025 ilitangazwa hitilafu ya kiwango cha juu kabisa katika vipande vya seva vya React, iliyowagusa watumiaji wa Next.js pia, ambayo ilimwezesha mtu wa mbali asiye na akaunti kutekeleza msimbo kwenye seva. Marekebisho yalitolewa siku hiyo hiyo, lakini mfumo usio na msimamizi hausasishwi siku hiyo hiyo. Hakuna kiunzi kisichopata hitilafu, ila chenye kutegemea maktaba mamia hutaka jicho lililo macho zaidi, na dunia ililiona hilo Machi 2016 wakati kipande cha mistari 11 kiitwacho left-pad kilipoondolewa kwenye npm, ghala la maktaba za JavaScript, na miradi isiyohesabika ikashindwa kujengwa.

Tofauti hiyo huonekana pia siku ya kwanza ya kazi. Kifurushi cha Django ni takriban megabaiti 8. Mradi mpya wa Next.js hujaza diski kwa mamia ya megabaiti, na anayeupakua kwa data ya simu ataliona salio lake likipungua.

Kwa kazi ipi, chombo kipi

Kwa SACCO, duka, shule au kanisa lenye bajeti ndogo linalopokea pesa za simu, ningechagua Laravel pamoja na MySQL, kurasa zikiandaliwa na seva, na htmx pale inapohitajika. Sababu ni foleni iliyomo ndani, upangaji nafuu na wingi wa wanaoijua PHP kuanzia Arua hadi Kabale, hata kama baadhi yao waliijua kupitia WordPress tu na watahitaji kufundishwa upya mambo mawili matatu.

Kwa mradi wa taarifa, kama vile usajili wa wakulima, utafiti wa chuo, kumbukumbu za kliniki au ramani za visima, Django pamoja na PostgreSQL inazishinda zote. Ofisi yake ya uendeshaji humpa karani mahali pa kuingiza, kutafuta na kurekebisha kumbukumbu siku ile ile majedwali yanapotengenezwa, na anayehitaji ramani hupata GeoDjango, anayehitaji takwimu anazo maktaba za Python ambazo wahitimu wengi wa Makerere wamekwisha kuzigusa darasani. Ofisi hiyo isipewe wateja wa nje. Ilitengenezwa kwa wafanyakazi wanaoaminika, na kuipamba ili ifanane na tovuti ya umma ni kazi kubwa kuliko kuandika kurasa mpya.

Next.js ningeiweka pale ambapo skrini yenyewe ndiyo bidhaa: mtu anaburuta, anachora, anahariri pamoja na mwenzake, au anaangalia pikipiki za usafirishaji zikisogea kwenye ramani, huku kukiwa na timu ya watu watatu au zaidi ambao mshahara wao hautegemei mradi huo mmoja. Gazeti au duka la mtandaoni lenye wasomaji wengi wa nje ya nchi nalo linaweza kuifaidi. Kwa tovuti ya kurasa tano ya hoteli ya Jinja si hiyo wala hizo mbili nyingine: HTML na CSS za kawaida zinatosha, na zitafunguka baada ya miaka kumi bila mtu kuzigusa.

Mwanaprogramu kijana anayelenga ajira za mbali na kampuni za nje ana hesabu tofauti na ya mteja wake, kwani matangazo mengi ya kazi hizo hutaja React na TypeScript, na si vibaya azijue vilivyo. Ajifunzie kwenye mradi wake mwenyewe, usiku, kwa data yake, na wala asizijaribu kwenye daftari la akiba za wanachama 400 ambao hawakuombwa ridhaa yao.